Kuhamisha profaili za watumiaji kwenda domeni mpya

Wakuu, habari za kazi. Ofisini tuna kompyuta 23 za Windows 10, kila mtu ana akaunti ya hapo hapo kwenye mashine yake. Juzi tumefunga seva, nataka waingie kwa domeni, yaani akaunti zote zisimamiwe na seva hiyo. Nimeanza na mhasibu: kaingia, kakuta skrini tupu, faili hazionekani. Kanitazama kama nimemwibia! Kunakili folda kwa mkono mashine zote siwezi.

— Pole mkuu. Faili zipo, angalia C:\Users, folda yake ya zamani. Windows humtambua mtu kwa SID (namba ya utambulisho ya akaunti), si kwa jina. Akaunti ya domeni ina SID nyingine, ndiyo maana kafunguliwa profaili mpya, yaani folda mpya ya faili na mipangilio yake. Tumia User Profile Wizard ya ForensiT: haihamishi faili, inaikabidhi profaili ileile kwa akaunti mpya, na ruhusa zake.

— Naongezea: nywila zilizohifadhiwa kwenye Chrome zinaweza kugoma, zimefungwa kwa ufunguo wa akaunti ya zamani. Azihifadhi kwenye faili (export) kabla ya kuhama. Na bakiza akaunti moja ya msimamizi ya hapo hapo, yenye nywila unayoikumbuka. Mimi nilijifungia nje Ijumaa jioni.

— Asanteni. Mhasibu karudishiwa hadi picha ya wajukuu wake. Zimebaki 22.