Halmashauri ya kijiji kufunga msitu: ina mamlaka hayo?

Mwana wa Kilosa
Wakuu, habari za jioni. Halmashauri ya kijiji chetu, hapa Kilosa, imefunga msitu wa kijiji wote. Marufuku mkaa, marufuku kuni za biashara, marufuku kuingiza ng'ombe. Ukikamatwa unalipa faini na magunia yanabaki ofisini. Wanasema kijito kinakauka mapema siku hizi. Shida yangu ni kwamba mkutano mkuu haukuitishwa. Tumekuta tangazo limebandikwa kwenye mwembe wa ofisi. Hii imekaaje?

Mtendaji Mstaafu
Sheria ndogo haizaliwi ofisini. Someni Sheria Na. 7 ya 1982, ile ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya): halmashauri inapendekeza, mkutano mkuu unajadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Wajumbe wa halmashauri ya kijiji ni 15 hadi 25 tu. Mkutano mkuu ni kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Karatasi ya kwenye mwembe haimfungi mtu.

Mama Kijito
Nyie endeleeni na vifungu. Sisi tunaamka saa tisa usiku kupanga ndoo kisimani, maji yenyewe yana rangi ya chai. Mkaa umemjengea nani nyumba hapa kijijini? Malori yanapakia giza likiingia, karatasi zimeshagongwa muhuri wa mwenyekiti, alfajiri yako Dar. Wafunge, tena wamechelewa.

Jembe Halimtupi Mkulima
Hapo kwenye muhuri dada umegusa penyewe! Mimi barua ya utambulisho tu, ya kufuatilia kitambulisho cha taifa, nilitozwa elfu tano. Risiti hakuna.

Mtoto wa Mwenyekiti
Mzee wangu ni mwenyekiti wa kijiji, si huko kwenu, na maneno haya yananiuma. Mtendaji wa kijiji ameajiriwa, ana mshahara. Mwenyekiti hana. Anaamshwa usiku kwa ugomvi wa mpaka, mbuzi aliyekula mahindi ya watu, mama mjamzito atafutiwe bodaboda. Wino na karatasi tunanunua nyumbani. Halafu mnamwita mwizi?

Jembe Halimtupi Mkulima
Sijasema mwizi, nimesema risiti. Kama ni mchango wa wino, mkutano upange kiasi, kiandikwe ukutani, kila mtu akione. Mwanafunzi anayetafuta barua ya mkopo atoe wapi elfu tano?

Mtoto wa Mwenyekiti
Mkutano gani, huo mnaoitwa kwa kipaza sauti na kuja watu kumi? Uchaguzi wa Novemba 2024 mngechukua fomu nyie, muone kazi ilivyo.

Mwana wa Kilosa
Jamani, turudi msituni. Sitetei kukata ovyo. Humu humu Kilosa kuna vijiji viliingia kwenye mradi wa mkaa endelevu tangu 2012. Msitu umegawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50. Unakata kitalu chako, visiki vinaachwa vichipue, na hapo harudi mtu na shoka mpaka miaka 24 ipite. Kandokando ya mito haguswi mti. Ada inaingia akaunti ya kijiji, na wengine wamejenga zahanati na madarasa. Kwa nini sisi tufunge kila kitu?

Mama Kijito
Kwa sababu huko hela zinaonekana! Kwetu hiyo akaunti ya kijiji nani ameiona? Na wewe mtoa mada, bado unaishi kijijini au umeshahamia mjini unatetea mkaa wa kupikia?

Mwana wa Kilosa
Shamba langu liko pale na mama yangu anachota kijito hicho hicho. Usinifukuze kwetu.

Mtendaji Mstaafu
Mkutano mkuu unatakiwa kila miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi yanaposomwa. Wakazi wadai kusomewa, na ajenda ya msitu iingie siku hiyo hiyo. Tena angalau robo ya wajumbe wa halmashauri kwa sheria ni wanawake. Waulizeni kama walikuwepo msitu ulipofungwa.

Mama Kijito
Mmoja ni jirani yangu. Aliletewa karatasi ya mahudhurio nyumbani, akasaini jikoni.

Mtoto wa Mwenyekiti
Hiyo nayo ni kosa la mwenyekiti peke yake? Aliyesaini je?

Jembe Halimtupi Mkulima
Usikwepe, ndugu yangu. Elfu tano zangu ziliandikwa kwenye kitabu gani?