Eti nikipewa swali la kujieleza nitaandika SHAIRI?! Huyu lekchara wa sayansi ya lazima amenichosha

Binti Fasihi:
Wakuu nimetoka darasani sasa hivi, mikono bado inatetemeka, mkikuta herufi zimerukana mnivumilie. Yule wa kozi ya sayansi ya lazima kwa wote, mnamjua, hakuna haja ya kumtaja, yule mwenye slaidi zenye maandishi madogo mpaka mtu wa kiti cha mbele anahitaji darubini. Leo karudisha testi.

Swali la saba, nalinukuu kama lilivyo: "Umbali kati ya Dunia na Jua ni kilomita milioni ngapi?" A 148.6, B 149.6, C 150.6, D 151.6. Basi. Hakuna neno wastani, hakuna tarehe, hakuna chochote. Nimeweka C, kanipiga mkasi. Sasa mimi nilisoma jamani, tena sio slaidi zake tu. Dunia haizunguki Jua kwa duara kamili, mwanzoni mwa Januari inakuwa mbali na Jua kama kilomita milioni 147, ikifika Julai ni kama 152, maana yake namba zote NNE ni kweli kwa siku fulani ndani ya mwaka. Zote! Nikanyoosha mkono, nikasimama kwa adabu zangu zote, nikamwambia mwalimu samahani, hapa majibu yote yanaweza kuwa sahihi, na kama ungetuuliza kwa nini kuna majira ya joto na ya baridi ungejua nani kaelewa na nani kakariri.

Jamaa akavua miwani. Akaniuliza wewe wa idara gani. Nikasema fasihi. Akaugeukia ukumbi, na ule ukumbi mnaujua unavyojaa mpaka watu wanakaa kwenye ngazi, akasema: "Huyu nikimpa swali la kujieleza si ataniandikia shairi!"

SHAIRI. Watu wakalipuka, wengine wakagonga meza, kuna mmoja nyuma kacheka mpaka nikadhani tutamwitia gari la wagonjwa. Na hao wote nao wamekosa swali la saba!

Ngojeni niwajibu hapahapa hilo swali ambalo eti nitalitungia shairi. Majira yanatokana na mhimili wa Dunia kuinama kama nyuzi 23.4, upande ulioelekea Jua unapata mwanga wa kusimama wima na mchana mrefu, upande wa pili unapata mwanga wa kulala na mchana mfupi. Umbali sio sababu, ushahidi ni kwamba Januari ndio tuko karibu zaidi na Jua na ndio mwezi ambao kaskazini watu wanaganda kwa baridi huku kusini wanatoka jasho. Ingekuwa umbali, dunia nzima ingepata joto mwezi mmoja. Haya nionyesheni shairi liko wapi hapo. Vina viko wapi?

Kozi yenyewe mwongozo wake unasema lengo ni mtu asiye wa sayansi aweze kupima madai na kujua ushahidi ni nini. Mimi sitakuwa mwanafizikia. Ila kesho nitakuwa mzazi, mtoto atapata mafua, mtu ataniambia mpe antibayotiki, natakiwa nijue mafua ni virusi na antibayotiki haiui virusi. Hicho ndicho nilichokuja kutafuta, badala yake nakariri namba. Halafu nikiuliza naitwa mshairi kama vile ni ugonjwa.

Kipanga:
Nimecheka mpaka mwenzangu wa chumbani kauliza kuna nini. Dada si ungemwandikia tu, beti nne, kibwagizo "mhimili umeinama".

Binti Fasihi:
Kipanga mimi siko kwenye utani. Nimechekwa na ukumbi mzima halafu nakuja huku unanipa kibwagizo.

Mzee wa Madesa:
Mdogo wangu tatizo lako unafikiri sana. Madesa ya mwaka juzi yana swali hilohilo neno kwa neno, jibu ni B, hata koma haijahama. Watu tunapita na alama za kutisha bila kujua Jua linachomozea wapi. Wewe umeenda kusoma, nani alikutuma?

Binti Fasihi:
Mnaona sasa!! Ndio nasema hivi kila siku. Mtu anapita kwa madesa, mimi niliyesoma naambiwa SHAIRI.

Nukta:
Ila dada nawe, ungejua tu kamaanisha wastani. 149.6 hata mtoto wa shule anaijua.

Binti Fasihi:
Kama alimaanisha wastani angeandika wastani. Na tukiongelea umakini, hilo shairi analolidharau kila mshororo una mizani kumi na sita, nane ukwapi (nusu ya kwanza) nane utao (nusu ya pili), ukizidisha silabi moja umeharibu na kila mtu anasikia. Yeye kashindwa kuweka neno moja kwenye swali halafu anawacheka wanaohesabu silabi.

Tindikali:
Mnalia nini watu wa sanaa? Sisi wa kemia tunalazimishwa falsafa. Insha kurasa kumi. Nimeandika hoja zangu vizuri, kwa namba, moja mpaka ishirini, yule mama (mnamjua) kanirudishia kaandika kwa kalamu nyekundu "hii ni orodha ya manunuzi". ORODHA YA MANUNUZI. Bora hata ningeitwa mshairi.

Kipanga:
Tindikali 😂😂😂 mnunulie na nyanya basi

Sapu Tatu:
Nyie wote mna nafuu. Mimi kwenye hiyohiyo sayansi ya lazima tuko kundi la watu kumi, mradi nimefanya mimi, grafu nimechora mimi, siku ya kuwasilisha wanakuja na suti. Mmoja anaulizwa kundi dhibiti (lile lisilofanyiwa kitu, la kulinganishia) ni lipi kwenye jaribio letu akajibu "ni sisi wenyewe". Wote tumepata alama sawa.

Msahihishaji:
Mimi ni mkufunzi msaidizi, sio kwenye kozi hiyo ila najua jikoni kukoje. Darasa la watu 600, swali moja la kujieleza ukilisoma dakika kumi kwa kila mtu ni masaa 100, na wasahihishaji tuko wawili. Mashine inamaliza jioni moja. Ndio maana mnapewa A B C D kila siku.

Ila swali la saba ni bovu, sitalitetea. Na A B C D sio lazima iwe ya kukaririsha, hapo ndipo ninapokasirika na mimi. Mwanafizikia Hestenes na wenzake walichapisha mwaka 1992 mtihani wa kuchagua kuhusu nguvu na mwendo, hauna hesabu za kukokotoa, na majibu ya uongo yametokana na mawazo potofu ambayo wanafunzi wanayo kweli kichwani. Kabla ya hapo Eric Mazur, mwalimu wa fizikia pale chuo cha Harvard, Marekani, alipowapa wanafunzi wake maswali ya aina hiyo, watoto wanaokokotoa fizikia ngumu, wengi wakachemka. Ndipo mwaka 1991 akaanza kuwapigisha kura darasani: unachagua jibu, unabishana na jirani, unapiga kura tena. Hata ukumbi wa watu wa kwenye ngazi unawezekana. Swali la majira weka A Dunia iko karibu na Jua, B mhimili umeinama, uone wangapi wanakimbilia A. Mwaka 1987 hapohapo Harvard, kwenye mahafali, waliulizwa watu 23, wahitimu na walimu, kuhusu majira au awamu za mwezi. 21 walikosea. Kwa hiyo dada wewe na maelezo yako ya mhimili umewapita wengi.

Binti Fasihi:
Msahihishaji Mungu akubariki. Umeandika aya mbili, umenielewesha, hukuniuliza mimi wa idara gani. Ni kitu kigumu hicho? Angejibu hivi ningekaa kimya nikaandika noti. Kaona bora SHAIRI.

Mzee wa Madesa:
Masaa 100? Ndio maana insha yangu ilipewa 60 na ukurasa wa tatu niliacha mtupu.

Tindikali:
Wewe umepata 60 na ukurasa mtupu, mimi orodha ya manunuzi 38. Hii haki iko wapi?

Nukta:
Tindikali kata rufaa, fomu iko ofisi ya mitihani, ila kuna ada na siku zinahesabika.

Sapu Tatu:
Usikate. Mimi nilikata wakashusha.

Binti Fasihi:
Wakuu tusitoke nje ya mada, jamaa kasema mbele ya ukumbi mzima kwamba

Kipanga:
MKEKA WA MATOKEO UMETOKA!!! Ingieni kwenye mfumo kabla haujazidiwa

Sapu Tatu:
Mbona mimi naona kosiweki sifuri? Mradi niliwasilisha mimi, wale wenye suti wana alama, mimi sina???

Mzee wa Madesa:
Kwangu unazunguka tu haufunguki. Mwenye skrinishoti ya mkeka aweke hapa.

Tindikali:
Sapu Tatu mimi pia sifuri. Nani ana namba ya mtu wa mfumo?