Acheni kusema wananchi "hatuna mwamko" na makumbusho. Tulikuja, mkatufukuza!

Wadau, hasira hizi ninazo tangu Jumamosi na leo nazitoa.

Kila ikikaribia tarehe 18 Mei, Siku ya Makumbusho Duniani, wakubwa wa makumbusho hushika vipaza sauti na wimbo ni ule ule: wananchi hawana mwamko, vijana wameukimbia urithi wao, watu wanapenda simu kuliko historia. Siku hiyo inaadhimishwa tangu 1977. Miaka yote hiyo mnatualika, na lawama bado ni zetu?

Sasa sikieni. Jumamosi nilimpeleka binti yangu wa miaka 7 makumbusho. Jina la mahali sitataja. Tiketi nililipa mwenyewe, na mtoto alikuwa amehesabu siku wiki nzima. Hatujamaliza hata hatua kumi, mlinzi keshatupigia kelele: "Msiguse! Hakuna kupiga picha! Tembeeni!" Hatukuwa tumegusa kitu. Mikono ya mtoto ilikuwa mfukoni.

Tukafika kwenye kabati la kioo lenye kitana cha mbao, cha zamani, meno mawili yamevunjika. Mtoto akaganda pale. "Mama, alikivunja nani? Alikuwa anamchana mtoto wake?" Jamani, mnataka mgeni awaulize swali gani zuri kuliko hilo? Nikainama kusoma kibao, maandishi madogo kama sisimizi: "Kitana. Mbao. Sm 14." Na namba ya kumbukumbu. Basi! Aliyekichonga hayupo, aliyechanwa nacho hayupo, wala hakuna neno juu ya namna kilivyofika ndani ya kioo kile. Nikamuuliza mlinzi kama kuna mtu wa kutueleza. Akajibu, "Maelezo yapo hapo, someni mpite, mnaziba njia." Nyuma yetu hapakuwa na mtu hata mmoja.

Kwa nini vitu haviguswi, naelewa. Jasho na mafuta ya vidole huacha chumvi, chuma kikashika kutu, mbao ikanywa uchafu usiotoka tena. Nguo na karatasi za kale huchujuka kwa mwanga na rangi ikishapotea hairudi, ndiyo maana vyumba vyake huwa giza giza, mwanga wa lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwanga). Haya si siri ya serikali. Mtoto wa miaka 7 anaelewa vizuri kabisa ukimwambia kwamba vidole vya watu elfu vingekimaliza kitana kile. Angetoka pale akijiona na yeye ni mlinzi wake. Badala yake alitoka akijiona mwizi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa hivi ninavyoandika.

Na msiniambie haiwezekani kufanya vingine. Mwaka 2015 makumbusho ya Prado, Madrid, yalitengeneza nakala za michoro zenye mwinuko ili wasioona waisome kwa vidole, pamoja na ile nakala ya kale ya Mona Lisa waliyonayo. Wasioona, kwenye michoro! Nyinyi mnashindwa kuchonga kitana kimoja cha mfano watoto wakishike?

Hilo la picha nalo. Marufuku ya mmweko (flash) sawa, sibishi. Lakini simu isiyotoa mmweko inaharibu nini? Usiku wa tarehe 2 Septemba 2018 Makumbusho ya Taifa ya Brazil, Rio de Janeiro, yaliungua. Ndani yake mlikuwa na vitu takribani milioni 20. Baada ya moto, wanafunzi wanaosomea kazi za makumbusho waliomba kila aliyewahi kutembelea atume picha alizopiga. Zikamiminika kwa maelfu. Watu wa kawaida, na simu zao hizo hizo mnazozilaumu, ndio waliokuwa na sura za vitu vilivyogeuka majivu.

Halafu mnasema mwamko! Januari 2011, katikati ya vurugu za Cairo, raia walishikana mikono kulizunguka jengo la makumbusho pale uwanja wa Tahrir ili waporaji wasiingie. Nani aliwafanyia semina ya uhamasishaji?

Baraza la kimataifa la makumbusho, ICOM, lilipitisha maana mpya ya makumbusho huko Prague mwaka 2022. Humo mna kufikika na watu wote, mna kushirikisha jamii, mna elimu, na mna starehe pia. Starehe! Nani alistarehe pale Jumamosi? Wahamasisheni kwanza wafanyakazi wenu wa mlangoni, kisha mje na vipaza sauti kwetu.

Wakati wa kutoka kuna daftari la wageni: jina, unakotoka, sahihi. Safu ya maoni haipo. Nikaandika pembeni kwa herufi kubwa, "KITANA KILIKUWA CHA NANI?" na namba yangu ya simu. Hakuna aliyepiga.

Kama humu kuna mhifadhi au yeyote anayefanya kazi hizo, naomba anieleze: mtu akitaka kujua habari za kitu chenye namba ya kumbukumbu, anamwona nani, na anaruhusiwa kuona faili lake? Namba niliinakili kwenye karatasi, kwa vile picha walinikataza. Binti ameniuliza tena asubuhi hii.