Pakiti ya maziwa imeniaibisha mbele ya mama mkwe. Hawa watu mnawajua

Naandika nikiwa bado nanuka maziwa, kwa hivyo leo mtu asinisahihishe Kiswahili.

Hawa watu siwataji. Mnawajua. Wale wa nusu lita. Nani aliwaambia maziwa ni siri ya serikali? Bangili za polisi zinafunguka haraka kuliko hiyo pakiti.

Mama mkwe amefika leo, mara yake ya kwanza kulala kwangu tangu nioe. Nimempokea stendi ya Machakos Country Bus, nimebeba kuku na mkungu wake wa ndizi mpaka Umoja, kila kitu shwari. Mama Neema yuko zamu ya usiku, kwa hivyo chai ni yangu. Nikasema leo aone ana mkwe wa maana. Maji yakachemka, majani, tangawizi. Nikachukua pakiti.

Imechorwa mstari wa nukta, na pembeni kuna kamkasi. Kamkasi! Mkasi wenyewe hakuna, ni picha. Wetu, Neema aliupeleka shule kwa kazi ya mtaala wa CBC na haujarudi hadi leo. Kisu cha hii nyumba hakikati hata siagi.

Nikavuta kwa mikono, ikarefuka kama chingamu. Nikavuta tena. Nikaibana kwa magoti. Ndipo ikafunguka, lakini si kwenye nukta. Ikafunguka CHINI. Nusu lita nzima: shati, kalenda, na vile vitambaa vya kochi alivyofuma yeye mwenyewe akatuletea siku ya harusi.

Akauliza pole pole, "Baba Neema, kuna nyingine?" Nikampa. Akaing'ata kona mara moja, tk, akatema kile kipembe kwenye kiganja, akamimina. Hata tone halikuanguka. Kisha akainua macho akaangalia picha yangu ya mahafali ukutani, ile ya joho. Akaniangalia mimi. Akasema, "Pole, baba."

POLE, BABA. Miaka mitano ya uhandisi! Afadhali angenitukana nijue moja. Na kile kipembe bado kiko hapa mezani, amekiweka kando ya kikombe changu.

Kamba_ya_Nguo: Kwa ufupi, pakiti imekushinda.

Shangazi_Rongai: Mimi nimesikia tu kwamba mama ana meno yake yote. Mungu amzidishie.

Mzee_wa_Gredi: Piga hesabu, kijana. Maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya shuleni, yalianza 1979. Kama mama ana miaka hamsini na kitu, alikuwa shule ya msingi. Zile pakiti za piramidi tulizing'ata kona darasa zima kwa pamoja. Huyo hajakushinda kwa bahati, alifunzwa na serikali.

Mwenye uzi: Mzee, sijaomba historia. Alitema KWENYE KIGANJA. Kwa utaratibu. Kama daktari anayetoa risasi.

Fundi_Mdogo: Tatizo ni kipasuo. Plastiki ile ina tabaka kadhaa na huvutika kabla ya kuchanika. Ukingoni panatakiwa kamkato kadogo ili mpasuko upate pa kuanzia. Kasipokuwepo utavuta mpaka Mombasa, halafu itaachia popote palipo dhaifu, mara nyingi kwenye mshono wa chini. Na wewe uliibana kwa magoti, yaani uliisukuma yote kwenye mshono.

Kamba_ya_Nguo: Na wa uhandisi ni nani hapa, wewe au yeye?

Mwenye uzi: Ni uhandisi wa barabara!!

Dada_Kayole: Afadhali wewe hukuwa na mkasi. Mimi nilinunua mkasi Kamukunji. Umefungwa ndani ya plastiki ngumu, na nyuma wameandika ufunguliwe kwa mkasi. Upo kabatini mwaka wa pili sasa.

Msela_Githurai: Hamjafungua unga wa kilo mbili nyinyi. Gundi ya pale juu inaweza kushika daraja la Nyali. Ukivuta, karatasi inapasuka tumboni. Juzi nilitoka jikoni watoto wakakimbia.

Shangazi_Rongai: Na kile kipakiti cha tomato cha kwenye chipsi? Vidole vina mafuta, kinateleza. Ukitumia meno kinarukia jirani. Nimewahi kupaka padre.

Mwenye uzi: Jamani, turudi kwa pakiti ya maziwa. "Pole, baba." Mnaelewa uzito wake?

Mtu_wa_Mtungi: Mtungi wa gesi nao. Ule utepe wa plastiki wa pale juu nimeung'oa kwa uma, nikavunja uma. Na nyama ilikuwa imeshatiwa chumvi.

Dada_Kayole: Padre alisemaje?

Shangazi_Rongai: Alisema Bwana asifiwe. Kanzu ilikuwa nyeupe.

Mpenda_Juala: Mimi bado nina uchungu wa Agosti 2017. Juala, ule mfuko wa plastiki wa dukani, kitu pekee kilichokuwa kinafunguka bila vita, ndicho walichopiga marufuku, na faini ya mamilioni juu. Hizi za viwandani zisizofunguka zikaachwa. Nani alishauriwa?

Fundi_Mdogo: Juala zilikuwa zinaziba mitaro mpaka tunaogelea South B. Usianze.

Mpenda_Juala: Mitaro bado imeziba, fundi. Toka nje uone.

Mama_Mboga_Digitali: Nyinyi mnapigana na pakiti na ATM za maziwa zipo kila mtaa. Unaenda na chupa yako, unaweka shilingi zako, unajaziwa. Hakuna kung'ata.

Msela_Githurai: Unajaziwa maji.

Mama_Mboga_Digitali: Ya kwenu labda. Ya huku ukichemsha inafanya utandu mzito hivi.

Kamba_ya_Nguo: Kunyweni strungi, chai bila maziwa, muache ng'ombe za watu.

Shangazi_Rongai: Strungi umpe mama mkwe? Huyu anataka kuachwa?

Mwenye uzi: Amenisikia nikigonga simu kwa hasira. Ametoka chumbani na leso yake, ameniuliza kama anifungulie mkate wa asubuhi kabisa ukae tayari.

Dada_Kayole: Hiyo ATM ya maziwa ya Umoja hufungwa saa ngapi?