Msalaba wa babu: "Requiescat in pace" tuiandikeje kwa Kiswahili?

MjukuuWaKatekista (Iringa)
Tumsifu Yesu Kristo. Tunajengea upya kaburi la babu kijijini, upande wa Tosamaganga. Alikuwa katekista, akafariki 1971. Msalaba wake ni wa saruji, na maneno yalichorwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi: REQUIESCAT IN PACE. Bibi alizikwa ubavuni mwake 1998. Sasa tunataka jiwe moja la wote wawili, liwe tayari kabla ya tarehe 2 Novemba, Kumbukumbu ya Marehemu Wote.

Binamu zangu wanataka "Pumzikeni kwa amani". Mimi moyo unasita. Babu ndiye aliyewafundisha watoto wa kigango kuitikia "Et cum spiritu tuo", bila kitabu, chini ya mkaratusi; mtoto akikosea silabi moja, anarudi mwanzo. Kwa mtu wa namna hiyo siwezi kuandika neno la kukisia. Hicho Kilatini kinasema na nani hasa, na babu au na Mungu?

MwalimuWaKwaya (Mafinga)
Milele na milele, amina. Kamwene, ndugu yangu.

Kinasema na Mungu. Ile "-t" ya mwisho ni ya mtu wa tatu, yeye: "apumzike". Tena Kiswahili kinaibeba vizuri sana, kwa sababu "-e" yetu, kama katika "aende" au "apone", ndiyo hiyohiyo ya kuomba na kutakia. Wakiwa wawili inakuwa *requiescant*, "wapumzike". Angalia na sala inayoitangulia: *Requiem aeternam dona ei, Domine*, "Raha ya milele umpe, ee Bwana". Wakiwa wengi, *ei* inageuka *eis*, nasi tunatoka "umpe" kwenda "uwape". Anayeambiwa "uwape" ni Bwana.

Ukiandika "Pumzikeni", umewageukia marehemu. Ni maneno ya kuagana, nayo yana upendo wake. Ila anayepita pale kaburini hataombea mtu kwa kuyasoma. Akisoma "Wapumzike kwa amani", tayari amewaombea.

Kijana_Njombe
Naomba kuuliza hapohapo. "Raha ya milele" hunisumbua kila msibani. Raha kwa vijana wenzangu ni muziki na vinywaji. Kwa nini isiwe "pumziko la milele"?

MwalimuWaKwaya (Mafinga)
Mdogo wangu, fungua Mathayo 11:29, "nanyi mtapata raha nafsini mwenu". Biblia ya Kilatini pale ina *requiem*, neno lilelile la misa ya wafu. Na mstari unaotangulia unawataja wanaosumbuka na kulemewa na mizigo. Raha hiyo ni ya mtu aliyetua mzigo wa kuni baada ya kupanda mlima. Neno limechakaa mitaani, ni kweli, lakini mimi nisingeliachia mitaa.

FundiMarumaru (Uyole, Mbeya)
Mimi huchonga maandishi ya makaburi, nikaona nihesabu. "Requiescat in pace" ina herufi 16, "Apumzike kwa amani" 16. "Requiescant in pace" 17, "Wapumzike kwa amani" 17. Kwa hiyo mistari miwili itakaa juu na chini kwa upana karibu sawa, huhitaji kuchagua lugha.

Na wakikwambia R.I.P. ni Kiingereza, waambie herufi hizo ni za Kilatini hichohicho cha babu. Msalaba wa zamani msiuvunje. Kata kile kipande chenye maandishi, kipachikwe kwenye zege la kichwani kabla halijakauka.

MjukuuWaKatekista (Iringa)
Nimewasomea binamu zangu yote haya jana jioni. Mkubwa wao alinyamaza, kisha akasema bibi naye alikuwa akisali "uwape, ee Bwana" kila Jumatatu, na hatukuwahi kumuuliza kwa nini Jumatatu. Tumekubaliana: Kilatini juu, Kiswahili chini, majina yao katikati. Kipande cha babu kitakaa kichwani. Fundi wetu anaanza kumwaga zege Alhamisi.