Jamaa wa banda la video kaniita Pumbaa mbele ya wanangu, TENA KAWASHA TAA

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mkikuta neno limepinda mnivumilie. Watu wa Tanga mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa Ngamiani, anayekaa mlangoni na kopo la rangi la kukusanyia viingilio.

Jana jioni nimewapeleka wanangu wawili na wa dada yangu wawili. Ubao nje umeandikwa kwa chaki LION KING. Nikasema haya, leo nao waone nilichokiona mimi kwa deki ya jirani, mkanda una mistari chini, tumejazana mpaka dirishani. Nimelipa vichwa vitano. Taa zikazimwa, ikaja ya 2019! Ile ya simba wa kompyuta!

Nikavumilia. Ya 1994, ile ya katuni, ni dakika 88, umelia, umenyamaza, umerudi kwenu kula. Hii inakaribia saa mbili na muda wenyewe umeishia kutembea kwenye nyasi. Scar, yule simba mbaya, wa zamani ana manyoya meusi na madaha, ukimwona tu unajua huyu atakula mirathi ya yatima. Huyu mpya kakonda kama paka wa Deep Sea siku ambayo ngalawa hazikutoka. Na ule wimbo wa mapenzi ya usiku wa leo wameuimba mchana kweupe, jua la saa saba!

Basi Mufasa akafa. Kale kasimba ka zamani kalimvuta baba yake sikio, kakajipenyeza chini ya mkono wake, uso mzima unalia. Haka ka sasa kanamtazama marehemu kama kanasubiri daladala. Nikauliza, tena kwa adabu, "Kaka, ile ya katuni huna?"

Akawasha taa. Wakuu, AKAWASHA TAA. "Mzee mzima umepumbaa hapo kama Pumbaa, unataka katuni?"

Kama Pumbaa, yule ngiri mnene wa kwenye filamu! Banda zima likaangua kicheko, na aliyecheka mpaka akadondoka kwenye benchi ni mwanangu wa kumzaa mwenyewe. Leo asubuhi nafuata mihogo, watoto wa mtaa mzima, "Shikamoo Mzee Pumbaa." Wananiamkia kabisa! Sasa marahaba niitikie au nisiitikie?

Nauliza, taa aliwashia nini? Angenitukana gizani nani angenijua?

Mkonge Mkavu: Mkuu weka picha ya tumbo, tuamue kama jamaa kakosea.

Binti Mwambao: Shikamoo Mzee Pumbaa.

Deki Mbovu: Mleta mada nipo upande wako, ya zamani haina mpinzani. Ila Mufasa sauti ni ya James Earl Jones kote kuwili, 1994 na 2019. Ungefumba macho ukasikiliza tu.

Mleta mada: Nilipe vichwa vitano halafu nifumbe macho?

Baiskeli Bila Kengele: Huyo jamaa nilimwazima pampu tangu Ramadhani. Pampu ya mguu, mpya, hata vumbi haijashika. Kila nikienda "njoo kesho".

Kwanza Chai: Nyie mnalia na simba, mimi kinachoniuma ni hiyo "hakuna matata" ya kwenye wimbo wa filamu. Tanga hii nani anasema hakuna matata? Hamna tabu, basi, yamekwisha. Halafu Disney, wenye filamu, wakaisajili Marekani 2003 iwe alama yao ya kwenye fulana! Watu walichachamaa kweli 2018. Simba wetu, rafiki wetu, pumbaa wetu, fulana zao.

Mkonge Mkavu: Pumbaa wetu tunaye humu humu.

Mleta mada: Hamjauelewa uzi. ALIWASHA TAA.

Deki Mbovu: Tena wimbo wa Scar na fisi wameukatakata, umekuwa kama tangazo la msiba.

Binti Mwambao: Kiingilio siku hizi shilingi ngapi? Na leo anaonyesha nini?

Kwanza Chai: Leo mpira.

Baiskeli Bila Kengele: Mleta mada, ukienda tena niulizie pampu.

Mleta mada: Siendi!!

Mkonge Mkavu: Pampu ya mguu ipi, ile nyekundu? Mbona kaniuzia mimi.

Baiskeli Bila Kengele: KAKUUZIA???