Fibroidi (uvimbe wa kizazi) mbili kabla ya IVF (mimba ya kutungishwa maabara): itolewe ipi?

Nuru_K: Wakuu habari. Umri miaka 36, viinitete vitatu vimeshagandishwa. Ultrasound imeonyesha fibroidi mbili: ya sm 6 iko upande wa nje wa kizazi, ya sm 1.5 imechungulia ndani. Nyumbani wanasema kubwa ndiyo itolewe. Je, ndiyo itakayozuia mimba?

Fundi Picha: Dada, usiangalie ukubwa, angalia ilipokaa. Ya nje haigusi tundu ambamo kiinitete kinajishikiza. Kama haibani kibofu wala haikuumizi, iachwe. Korofi ni hiyo ndogo. Ikisukuma utando wa ndani, mimba hushika kwa shida, na ikishika huharibika kwa urahisi zaidi. Omba kwanza ultrasound ya maji ya chumvi, damu ya hedhi ikishakatika na kabla ya siku ya 10. Maji kidogo tu hutanua tundu, fibroidi ikaonekana kama harage lililobandikwa ukutani. Hapo hupimwa ni sehemu gani imezama kwenye msuli. Ikizidi nusu, huenda ikatolewa kwa awamu mbili. Inatolewa kwa kamera kupitia ukeni, tumbo halipasuliwi.

Nesi Mwandamizi: Naongezea. Baada ya kamera subiri kama miezi miwili mitatu, usipandikize mwezi uleule. Kuta mbili zilizochubuka zikitazamana huweza kugandana. Hedhi ikirudi chache mno kuliko zamani, kamera irudiwe. Utando nao upimwe kabla ya kupandikiza: chini ya mm 7 wengi huahirisha. Na kama uliwahi kusafishwa kizazi au kuugua TB, mwambie daktari hata asipouliza. TB ya kizazi huharibu utando bila kikohozi chochote.

Mzee wa Maabara: Mbona mirija hamjaigusa? Mrija uliovimba kwa maji huyamwaga kizazini, na hupunguza mafanikio ya IVF karibu nusu. Watu hudhani IVF ikishairuka mirija basi haina kazi tena. Mrija huo hukatwa, au huzibwa pale unapoungana na kizazi, kabla ya kupandikiza.

Nuru_K: Eksirei ya mirija ya mwaka juzi inasema wa kulia "umetanuka mwishoni".

Mzee wa Maabara: Basi ndio huo. Peleka filamu yenyewe, si karatasi ya majibu peke yake. Kamera ya ukeni, ya fibroidi, na ya kitovuni, ya mrija, huweza kufanyika kwa usingizi mmoja. Viinitete vikiwa kwenye naitrojeni havizeeki, haraka ya nini?